Lugha ya Kuombea Chumvi

Watu wengi wa rika langu waliofika Brussels walipata kazi ya kufagia, ya jikoni au ya kutunza wazee wa watu. Mimi nilipata kazi ya kufungua mlango wa nchi. Nchi yenyewe ilikuwa ndogo, na mlango wake ulikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la maofisi, mbele kidogo ya Porte de Namur. Nchi hiyo ni Wales. Haikuwa na ubalozi, kwa sababu balozi anayetambuliwa ni wa Uingereza yote, na Wales imo ndani ya ufalme huo. Ilikuwa na ofisi tu: vyumba vichache, mashine ya kahawa, bendera yenye joka jekundu, na mwanamke mmoja aliyeiongoza, ambaye sote tulimwita Madame.

Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari kwetu Bujumbura, Kifaransa changu kilikuwa safi, na nilikuwa na suti moja nzuri. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kupanga viti, kupeleka barua na kuangalia kahawa isiishe.

Nilianza vibaya. Siku za mwanzo alifika mgeni kutoka Bretagne, nikamfungulia mlango nikamwambia kwa furaha, "Karibu Monsieur, Waingereza wako ndani." Madame alisikia. Mgeni alipoondoka akaniita.

"Mimi si Mwingereza," alisema, kwa Kifaransa chake kilichopanda na kushuka kama njia ya milimani. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mrundi, Madame."

"Mrundi akiitwa Mkongo, anasema nini?"

"Anakasirika kidogo."

"Basi mimi nimekasirika sana, ila mama yangu alinilea vizuri."

Tangu siku hiyo sikukosea tena, na bila kuambiwa na mtu nikaanza kusema "sisi" nilipozungumza habari za Wales.

Mambo ya nje ya nchi ndogo niliyajifunza pale mlangoni. Wakubwa walikuwa na majeshi na viwanda vya ndege. Sisi tulikuwa na keki. Zilikuwa keki za mviringo, nyembamba, zenye zabibu, za kuokwa juu ya chuma cha moto kama chapati. Madame aliwaalika Wakatalani, Wabaski, Wabretoni, watu wa Frisia, na kila mtu mwenye kiti karibu na mkubwa fulani wa Ulaya. Akawapa keki, akawapa chai, na walipokuwa na mdomo umejaa akaanza kuwaeleza habari za makaa ya mawe yaliyokwisha, na kondoo, na lugha yao.

Lugha ndiyo ilikuwa moyo wake. Kila karatasi iliyotoka ofisini ilianza na lugha ya Wales juu, kisha zikafuata nyingine. Bwana mmoja aliwahi kumwuliza, "Madame, mnajisumbua bure. Si nyote mnajua Kiingereza?" Madame akamsogezea sahani.

"Mji huu una mikahawa mingapi, bwana?"

"Mingi sana."

"Na Jumapili unakula wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Unajisumbua bure," akasema Madame.

Kila Jumatano shule za Ubelgiji hufungwa saa sita mchana. Binti yake alikuja ofisini baada ya shule, kutoka Uccle walikokaa, na mimi nilipewa ruhusa kumleta binti yangu, kwa kuwa walikuwa wa umri mmoja na mke wangu alikuwa kazini. Madame alisema na mtoto wake kwa lugha yao tu. Hata akiwa na waziri mezani, mtoto akiingia kuuliza penseli yake iko wapi, atajibiwa kwa lugha yao, na waziri atasubiri. Nilimstaajabia. Sikuona kwamba jambo lile lilinihusu.

Kwa maana nyumbani kwangu, Berchem-Sainte-Agathe, siasa ilikuwa kinyume.

Sisi ni Waislamu wa Buyenzi, na lugha yetu ya nyumbani ni Kiswahili. Lakini katika Bujumbura ya ujana wangu, mtu akitaka kusema kwamba fulani ni mjanja, mwongo, hana shamba wala ng'ombe, alisema, "Huyo ni Mswahili." Nililisikia neno hilo shuleni kwa wanafunzi, nikalisikia kwa mwalimu. Nilipofungua mdomo walisikia mtaa wangu kabla ya kusikia hoja yangu. Basi binti yetu alipozaliwa Brussels niliamua atakuwa na Kifaransa kitupu, kisicho na harufu ya mtaa wowote. Nikaweka sheria: atakayesema Kiswahili mezani ataosha vyombo.

Mke wangu alinitazama. "Vyombo huwa anaosha nani humu ndani?"

"Wewe."

"Basi mimi nimeshaadhibiwa. Wacha niseme." Akaendelea kusema Kiswahili. Lakini aliposema na mtoto alinitii, kwa sababu nilimwambia ni kwa faida ya mtoto, na neno hilo mama huliogopa.

Mama yangu mzazi alikuwa bado Buyenzi. Nilimpigia simu Jumapili. Kila mara aliomba, "Mpe mtoto nimsikie." Mtoto alishika simu, akasema, "Bonjour, ça va?" akasikiliza kidogo, akanirudishia.

"Amesema nini?" mama aliuliza.

"Amekusalimia, mama."

"Mwambie namwombea kila sala."

Nilipogeuka mtoto alikuwa amesharudi kwenye televisheni. Nilikuwa mkalimani baina ya watu wawili wa damu yangu, na kazi hiyo hakuna aliyenipa, nilijipa mwenyewe.

Kisha vita vikaja, na mitaa yetu ya Bujumbura ikaanza kuungua. Mama akavuka ziwa, akahifadhiwa na jamaa zetu Kigoma, nami nikaanza kuhangaikia makaratasi ya kumleta kwangu. Fleti yetu ilikuwa ndogo. Hapakuwa na mahali pa kumlaza ila chumba cha mtoto.

"Watalala chumba kimoja kama mabubu wawili?" mke wangu aliuliza.

"Mama atajifunza Kifaransa."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mwanamke wa miaka sabini! Utamfundisha wewe? Na akikosea ataosha vyombo?"

Nilijua mama hatakuja Brussels kuona majengo. Alikuwa anakuja kumwona mjukuu wake wa pekee, na mimi nilikuwa nimemfungia mjukuu huyo mlango kwa ndani.

Nilikuwa katika hali hiyo sikukuu ya mtakatifu wa Wales ilipofika, siku ya kwanza ya mwezi wa Machi. Mwaka ule iliangukia Jumatano. Siku hiyo watu wao hubandika kifuani ua la njano au tawi la liki, mboga ile ya supu yenye majani marefu. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa kununua liki nikaleta za sokoni, nene kama mkono wa mtu, na wageni wawili wenye adabu walizunguka ukumbini nazo kifuani jioni nzima. Mwaka huu Madame alinunua liki mwenyewe. Mimi nilipewa kazi aliyoiona nyepesi: kupeleka maandishi kwa fundi wa mabango, yaandikwe kwa herufi kubwa nyekundu juu ya kitambaa cheupe. Yalikuwa maneno matatu, *Croeso i Gymru*, yaani karibu Wales.

Nikiwa njiani niliyasoma. Sasa mimi nilikuwa nikifuta kibao cha mlango wetu kila asubuhi, na kibao kile kilisema *Cymru*, kwa C. Hilo ndilo jina la nchi yao. Nikasema, maskini Madame, kazi zimemzidi, amekosea kuandika jina la kwao. Nikamwambia fundi, "Hapo weka C." Nikarudi nimejaa kiburi cha mtu aliyeokoa heshima ya taifa.

Tulitundika bango mchana, wale watoto wawili wakitushikia kamba. Madame akaingia, akasimama.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Madame. Palikuwa na kosa, nikasahihisha."

Akakaa juu ya sanduku la gilasi. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanatoka kweli. Binti yake naye alianguka kwenye zulia.

"Sikiliza," alisema alipopata pumzi. "Kwetu neno hubadilika kichwa. Linatazama limesimama nyuma ya nani. Peke yake ni *Cymru*. Likifuata neno hili dogo, linakuwa *Gymru*. Mahali pengine linakuwa *Nghymru*. Ni nchi ileile."

"Kichwa kinabadilika?"

"Kichwa."

Nikasimama na nyundo yangu mkononi. "Hata kwetu," nikasema. "Mtoto mmoja, watoto wawili. Kitu kizuri, vitu vizuri, mtu mzuri."

"Basi watu wote wa mji huu wangefanya kosa hili, lakini wewe ungepaswa kujua!"

Wageni walikuwa wanakaribia. Fundi alikuwa mbali. Binti ya Madame ndiye aliyeona kwamba C ikiongezwa kamkia kadogo huwa G. Mama yake akatoa rangi nyekundu ya kucha kwenye mkoba, na kwa kuwa binti yangu alikuwa na mkono uliotulia zaidi, nikamwinua mabegani, akachora mkia. Ukikaribia ulinuka. Ukikaa mbali hukujua kitu.

Akiwa bado juu ya mabega yangu akaniuliza kwa Kifaransa, "Papa, sisi tunasemaje *bienvenue*?"

"Karibu."

"Na wakiwa wengi?"

"Karibuni."

Akafikiri. "Alors, wao wanabadilisha kichwa, sisi mkia."

"Sisi tunabadilisha vyote viwili."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilimshusha chini. Wageni walianza kugonga, nami nikashukuru kwamba kufungua mlango ndiyo kazi yangu.

Baada ya karamu tulipokuwa tunakunja viti Madame aliniuliza kama binti yangu anajua Kiswahili. Nikamwambia hapana. Akaniuliza sababu, nami nikamweleza habari ya Mswahili wa Bujumbura, vyombo, na mama aliyekuwa anakuja. Alikunja viti vingine viwili kabla hajasema.

"Bibi yangu mzaa mama," alisema, "shuleni walimvika kipande cha mti shingoni kwa kusema lugha ya kwao. Aliyekuwa nacho mwisho wa siku alichapwa. Basi alipozaa hakumfundisha mama yangu neno. Mama yangu alijifunza ukubwani, darasani, akiwa na watoto watatu, kama mtu anayenunua shamba la babu yake."

"Kwetu kilikuwa kipande cha mfupa," nikasema. Na ndivyo. Shule yangu ilikuwa nacho, nami niliwahi kukivaa. Nilikuwa sijakikumbuka kwa miaka mingi, na siku zote hizo nilikuwa nimekitundika nyumbani kwangu kwa jina la vyombo.

"Nimfundishe sasa?"

"Usimfundishe. Atakuchukia na hiyo lugha ataichukia. Tafuta kitu anachokitaka, akiombe kwa Kiswahili. Lugha ni ya kuombea chumvi. Mengine yatafuata."

Kwa kuwa mimi ni mimi, nilimfundisha. Niliketi naye Jumamosi na ubao mdogo, nikaandika ngeli za majina. Alilia. Jumamosi iliyofuata alijifungia msalani. Mke wangu akauchukua ubao ule akautumia kukatia vitunguu.

"Wewe ulikwisha tunga sheria yako," aliniambia. "Sasa hii ni yangu. Jikoni mwangu hakuna Kifaransa. Mwenye njaa aje na Kiswahili chake, mwenye Kifaransa akale huko huko Ufaransa."

Mtoto alipenda sambusa. Siku za kwanza alisimama mlangoni akionyesha kwa kidole. Kisha likatoka neno, yakatoka mawili. Siku nyingine baada ya shule, sisi tukiwa kazini, alikaa kwa jirani yetu wa mlango wa pili, maman mmoja wa Bukavu, kule Kongo, Mkristo mwenye sauti ya kanisani, na huko nako alikuta Kiswahili, cha namna nyingine. Maman yule alifurahi mno. Alikuwa amedhani mtoto wetu ni wa kujidai.

Jioni moja niliporudi kutoka kazini nikamkuta maman huyo ananingojea kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Papa, bon, njo nakuuliza. Mi si muntu wa kuingilia mambo ya watu."

"Uliza, maman."

"Mutoto anasema bibi anatoka Kigoma, anakuya kulala mu chumba yake. Namuuliza, bibi ya nani? Anasema, bibi ya papa! Na anafurahi, eh, anaruka-ruka! Alors, na huyu maman wa mutoto, utamuweka wapi? Kwa balcon?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikashika chuma cha ngazi. Kwetu bibi ni nyanya, mama wa baba yako au wa mama yako. Kwao Bukavu bibi ni mke. Mtoto wangu alikuwa amemwambia jirani kwa Kiswahili safi kwamba baba yake analeta mke wa pili, na jirani, akijua sisi ni Waislamu, hakuwa na sababu ya kutoamini.

"Maman, ni mama yangu mzazi!"

"Mama yako njo bibi yako?"

Mlango wetu ukafunguka. Mke wangu alikuwa amesikia yote, mwiko mkononi. "Mwache amlete," alisema. "Atanisaidia vyombo."

Maman wa Bukavu alicheka mpaka watu wa chini wakafungua milango. Lakini aliyecheka zaidi ni binti yangu, baada ya kuelezwa. Alirudia kisa kile wiki nzima, kwa Kiswahili, mara akiiga sauti ya maman, mara yangu. Hakuna ubao ungeweza kumpa jambo lile. Sasa alikuwa na kichekesho ambacho rafiki zake wa shule wasingeweza kukielewa hata akiwafafanulia, na nadhani hapo ndipo lugha ilipokuwa yake.

Nilimsimulia Madame. Akaniambia hata kwao ni hivyo: nyanya wa kusini ana jina lake na wa kaskazini lake, na yeye na mumewe waligombana juu ya hilo kabla mtoto hajazaliwa. "Nani alishinda?" nikauliza. "Mama yangu," akasema.

Mama alifika Zaventem mwisho wa kiangazi, amevaa kanga mbili juu ya sweta aliyopewa Kigoma, na amechoka kiasi kwamba macho yake yalitupita mara ya kwanza. Mtoto alikuwa amejiandaa na "Shikamoo, Bibi" tangu asubuhi. Alipomwona akanyamaza. Alijificha nyuma ya mama yake, nami nikaona simu za Jumapili zote zimekuja kusimama pale uwanjani.

Kisha mtoto akaona sandali. Mama yangu alikuwa amezivaa bila soksi.

"Bibi," akasema, "uko na baridi? Vaa hii koti yangu."

Mama akaliangalia koti. Akanigeukia. "Nani kamfundisha huyu Kikongo?"

"Jirani, mama."

"Koti hili, mwanangu," mama akamwambia mtoto. "Si hii koti. Koti hili."

"Koti hili ni dogo, Bibi. Lakini lina joto."

"Basi nipe," akasema mama, akalitupa begani.

Walikaa chumba kimoja miaka mitatu. Waligombania dirisha, maana mama alitaka lifungwe na mtoto alitaka hewa. Waligombania redio. Mama hakujifunza Kifaransa ila *merci* na jina la kituo chetu cha basi. Kwa daktari mtoto ndiye aliyetafsiri, na mama alipenda kumwuliza daktari maswali yasiyohusu ugonjwa, kama vile ana watoto wangapi na kwa nini ni wachache. Katika miaka hiyo watu wa Wales walipiga kura wapate bunge lao, wakashinda kwa kura chache. Madame alikuja ofisini asubuhi macho mekundu kwa kukesha, akaniambia hataki kahawa, anataka kuketi tu na mtu asiyemwuliza kitu. Nikaketi naye. Baadaye alihamia kwao, na mimi sikumshukuru kama ilivyopasa. Nilimfungia masanduku vizuri, nikadhani inatosha.

Lakini kile ninachokikumbuka zaidi ni jioni za kawaida, mimi nikiwa sebuleni na gazeti, wao wawili wakizungumza gizani nyuma ya mlango. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo na mama hakuwahi kunisimulia habari zake. Nilidhani hataki. Kumbe alikuwa anangoja aulizwe, na mimi sikuuliza kamwe: kwanza nilikuwa mtoto, kisha nilikuwa na shule, kisha nilikuwa mbali. Mjukuu wake aliuliza kila kitu. Babu alikuwa mrefu? Aliimba? Mlikutana wapi? Maswali niliyasikia, lakini majibu ya mama yalikuwa sauti tu, si maneno, nami niliona haya kusogea karibu na mlango.

Mama tulimzika hukuhuku Ubelgiji. Binti yangu sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake. Ninapotaka kujua jambo juu ya baba yangu, nampigia simu yeye, na yeye hunieleza.